Kashata, Kaimati na Nyota za Karatasi: Namna ya Kueleza Jinsi Kitu Kinavyotengenezwa

Mtahiniwa, swali la insha linalokutaka ueleze namna ya kutengeneza kitu fulani watahiniwa wengi hulikwepa. Hukimbilia swali la methali, au lile la faida na hasara, kwa kuwa hoja zake wamezikariri tangu kidato cha pili. Na wachache wanaolichagua, wengi wao huandika kuhusu vitu ambavyo hawajawahi kuvigusa. Nimesahihisha insha za namna ya kutengeneza sabuni ambazo hazikuwa na mafuta ndani yake. Nimesoma nyingine ya namna ya kutengeneza mkate ambamo hamira ilitiwa baada ya mkate kutoka kwenye oveni.

Makala haya yanakupa kitu unachoweza kukitengeneza kwa mikono yako na kisha kukieleza: vitafunio na mapambo ya sikukuu. Kuna sababu nyingine pia. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, na matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Katikati yake kuna Krismasi, Mwaka Mpya na harusi zisizohesabika. Wapo waliomaliza kidato cha nne ambao nauli ya kuripoti kidato cha tano ilitoka kwenye beseni la kashata. Kwa hiyo soma kwa macho mawili: moja la chumba cha mtihani, jingine la jikoni.

Sukari inavyobadilika jikoni

Vitafunio vyetu vingi vya sikukuu ni sukari iliyochemshwa pamoja na kitu kingine: nazi, karanga, unga au ubuyu. Anayeielewa sukari ameelewa karibu vyote. Tuanze nayo.

Maji matupu huchemka kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi. Ukitia sukari ndani yake, maji hayo huchemka kwenye joto la juu kidogo. Kadiri maji yanavyotoka kwa njia ya mvuke, ndivyo sukari inavyozidi kuwa nyingi ndani ya sufuria na ndivyo joto linavyopanda. Shira inapofika kama nyuzi 115, tone lake likidondoshwa kwenye maji baridi hujikusanya na kuwa kidonge laini kinachobonyea kwa vidole. Inapofika kama nyuzi 150, tone hilo huwa gumu na hukatika kwa mlio, kama kijiti kikavu. Ikipita 160 huanza kugeuka rangi: manjano, kahawia, na usipoangalia, nyeusi na chungu.

Mama zetu hawana kipimajoto jikoni. Wana bakuli la maji baridi, nalo linatosha. Lakini angalia kinachopimwa: si dakika. Moto wa mkaa wa jirani yako si sawa na gesi ya kwenu, hivyo anayekwambia "chemsha dakika kumi" hajakwambia kitu cha uhakika. Anayekwambia "chemsha mpaka tone lifanye kidonge laini ndani ya maji baridi" amekwambia kitu ambacho kitakuwa kweli Tanga, Mwanza na Songea. Jambo hili tuliite dalili. Tutalirudia, kwa sababu ndipo insha nyingi za namna hii huanguka.

Sukari iliyochemshwa ikipoa hufuata moja ya njia mbili. Ikikorogwa, chembe zake hushikana na kujipanga upya, ikarudi kuwa punje ndogondogo. Kitu kinachopatikana ni kigumu lakini huvunjika laini mdomoni. Ikiachwa itulie baada ya joto kupanda sana, huganda bila kujipanga, ikawa kama kioo: inang'aa, ni ngumu, hukatika kwa mlio. Njia ya kwanza ndiyo ya kashata ya nazi. Njia ya pili ndiyo ya kashata ya karanga.

Kashata ya nazi

Andaa vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha maji na punje tano au sita za iliki zilizotwangwa. Kabla hujawasha moto, paka sinia mafuta kidogo, maana mchanganyiko ukiiva hautakusubiri utafute sinia.

Chemsha sukari na maji kwa moto wa wastani. Sukari ikishayeyuka yote, iache ichemke mpaka tone lake lifanye kidonge laini ndani ya maji baridi. Hapo mimina nazi na iliki, kisha anza kukoroga kwa mwiko bila kuacha. Mwanzoni mchanganyiko utalegea, kwa sababu nazi imeleta maji yake. Usiogope, wala usiongeze sukari. Endelea kukoroga. Maji ya nazi yakipungua, mchanganyiko huanza kujikusanya na kuachia pembeni mwa sufuria. Hiyo ndiyo dalili. Epua, mimina kwenye sinia, sawazisha kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa mafuta, na ukate vipande ukiwa bado wa moto. Ukingoja upoe kabisa utapata mabamba yasiyo na umbo.

Je, ukiepua mapema? Kashata haitashika, utakula kwa kijiko. Ukichelewa? Itakauka na kuwa kama mchanga wenye nazi. Umbali kati ya hali hizo mbili ni mfupi, ndiyo maana anayepika kashata hapokei simu.

Rangi ni hiari. Wengi hugawa mchanganyiko mara mbili na kutia rangi ya chakula upande mmoja, ili sinia liwe na vipande vyeupe na vya waridi. Tumia rangi ya chakula tu, matone mawili au matatu. Rangi za vitambaa na za ukili hazina nafasi tumboni mwa mtu.

Kashata ya karanga

Hapa utahitaji vikombe viwili vya karanga na kikombe kimoja na nusu cha sukari. Kaanga karanga kwanza, zisugue ili maganda yatoke, upepete. Weka sukari peke yake kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo. Itayeyuka polepole kuanzia chini. Itikise sufuria badala ya kukoroga kwa nguvu. Ikiwa na rangi ya asali, mimina karanga zote kwa mara moja, changanya haraka, kisha mwaga juu ya ubao uliopakwa mafuta. Sukuma kwa chupa iliyopakwa mafuta mpaka upate unene wa karibu nusu sentimita, halafu kata. Una kama dakika moja tu. Ikiganda kabla hujamaliza kukata, vunja kwa mikono. Ladha ni ileile.

Kashata hii hunyonya unyevu hewani. Ukiiacha wazi usiku mmoja katika mji wa pwani, asubuhi utaikuta inanata. Ikishapoa kabisa, ifunge kwenye mfuko au ndoo yenye mfuniko. Ukiifunga ingali ya moto, mvuke wake wenyewe utailainisha.

Karanga zenyewe zinataka macho. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo hudhuru ini. Kuikaanga karanga hakuiondoi yote, wala sukari haiifichi ila kwa ulimi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, hivyo si jambo la kwenye vitabu tu. Chambua karanga zako juu ya ungo kwenye mwanga mzuri, na zile mbovu usiwape kuku.

Jambo jingine: muulize mgeni kabla hujampa. Wapo watu ambao miili yao haipatani na karanga, na kwao kipande kimoja kinaweza kuwapeleka hospitali. Ukiuza, andika "karanga" kwenye kifungashio.

Kaimati, na kazi ya ndimu

Neno kaimati limetufikia kutoka Kiarabu, ambako neno la asili humaanisha matonge madogo. Oman na nchi nyingine za Ghuba hupika kitafunio hichohicho, hasa katika mwezi wa Ramadhani, kama ilivyo Zanzibar, Tanga, Lamu na Mombasa. Bahari imebeba mengi kuliko karafuu.

Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, kijiko kimoja kikubwa cha sukari, chumvi kidogo na iliki. Tia kikombe kimoja na robo cha maji ya uvuguvugu, au tui. Piga kwa mkono mpaka unga uwe laini na wenye kuvutika, kisha funika na uweke mahali penye joto mpaka uumuke na kuwa mara mbili ya ulivyokuwa. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam saa moja hutosha. Njombe mwezi Julai, subiri zaidi.

Kwa nini maji yawe ya uvuguvugu? Hamira ni kiumbe hai, kuvu wa seli moja. Maji baridi humchelewesha, na maji ya moto sana humuua. Akiwa hai hula sukari na kutoa pombe kidogo pamoja na gesi ya kabonidayoksaidi. Umeuona mlinganyo huu kwenye Kemia na Biolojia:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Gesi hiyo hunaswa ndani ya unga, kwa sababu kule kupiga kwa mkono kumeutengenezea nyuzi za protini zinazovutika kama mpira. Asiyepiga vya kutosha hupata kaimati nzito, hata hamira ikiwa nzuri namna gani. Pombe nayo hupotea kwenye mafuta ya moto.

Kukaanga: chukua unga kwa mkono wa kushoto, uminye utokeze kati ya kidole gumba na cha shahada, ukate kwa kijiko kilicholoweshwa maji na kuudondosha kwenye mafuta. Moto uwe wa wastani. Moto mkali huzipa rangi nje kabla ndani hapajaiva. Zigeuzegeuze mpaka ziwe na rangi ya dhahabu pande zote.

Shira yake ni kikombe kimoja na nusu cha sukari, robo tatu ya kikombe cha maji, na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Chemsha mpaka tone lililopoa juu ya sahani livutike kama uzi kati ya vidole viwili. Mimina kaimati humo, zipindue zote zipate shira.

Sasa swali zuri: kwa nini ndimu iwe kwenye kaimati na isiwe kwenye kashata ya nazi? Sukari ya mezani ni sukrosi. Asidi ya ndimu pamoja na joto huisaidia sukrosi kuvunjika, ikawa glukosi na fruktosi:

C12H22O11 + H2O → C6H12O6 + C6H12O6

Sukari hizi mbili zikiwemo, chembe za sukrosi hupata shida kujipanga na kuwa punje. Ni kama kupanga foleni ya wanafunzi wa kimo kimoja halafu wakaingia wengine wa vimo tofauti katikati. Kwa hiyo shira yenye ndimu hubaki laini na kung'aa juu ya kaimati. Kwenye kashata ya nazi punje ndizo tunazozitaka, hivyo ndimu ingetuharibia. Mtahiniwa anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa sentensi tatu hahitaji kuambiwa kwamba anajua kueleza.

Ubuyu wa rangi hauna mengi. Chemsha sukari na maji kiasi, rangi ya chakula na iliki. Shira ikiwa nzito epua, mwaga mbegu za mbuyu zikiwa na unga wake, na koroga mpaka kila mbegu ivae koti lake. Ni kazi ya nusu saa, na watoto hawakitaki kingine.

Moto na mafuta

Sukari iliyoyeyuka ina joto kuliko maji yanayochemka, na tena hung'ang'ania ngozi. Ikikurukia, peleka mahali hapo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala yai. Vitu hivyo hulifungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kukwangua. Malengelenge makubwa, au kuungua usoni, mikononi au sehemu za siri, ni safari ya zahanati siku hiyohiyo. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, funika sufuria kwa mfuniko na uzime jiko. Ukimwagia maji, yatageuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka chumba kizima. Watoto wadogo wakae mbali na jiko, hata kama wameahidi kutulia.

Mapambo: bikari yako bado ina kazi

Kabla ya karatasi tutafute gundi. Koroga vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ngano kwenye maji baridi kidogo mpaka visiwe na madonge, kisha mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga. Punde itakuwa nzito na yenye kung'aa, kwa sababu punje za wanga zimefyonza maji na kuvimba kwa joto. Ikipoa ni gundi nzuri ya karatasi. Baada ya siku mbili huanza kunuka, itupe.

Mnyororo wa karatasi ndio pambo rahisi kuliko yote. Chukua karatasi za A4 zilizotumika upande mmoja, ambazo hakika unazo nyingi baada ya majaribio yote ya mwaka huu. Karatasi moja ina upana wa sm 21 na urefu wa sm 29.7. Ukiikata vipande vya sm 3 kwa sm 21 utapata vipande 9. Kila kipande ukikikunja na kubandika mwisho juu ya mwanzo kwa sm 1, mzingo wa pete ni sm 20, hivyo kipenyo chake ni 20 ÷ 3.14, karibu sm 6.4. Pete zikiingiliana, kila moja huongeza kama sm 6 kwenye mnyororo. Sebule ya mita 4 itataka pete 67, yaani karatasi 8. Hesabu kama hii ifanye kabla ya kukata, usije ukaishiwa ukiwa robo tatu ya ukuta.

Nyota inahitaji kadibodi na kisanduku chako cha vifaa vya hisabati. Nyota yenye pembe tano: chora duara lenye nusu kipenyo cha sm 6. Duara zima lina nyuzi 360, na 360 ÷ 5 ni 72. Kwa kipimapembe, weka alama kwenye mzingo kila baada ya nyuzi 72. Unganisha alama kwa rula kwa kuruka moja moja, na nyota itajitokeza bila wewe kuinua kalamu. Nyota yenye pembe sita haihitaji hata kipimapembe. Ukishachora duara, usibadilishe upana wa bikari; weka ncha kwenye mzingo, pima, sogea, pima tena. Utazunguka na kurudi ulipoanzia baada ya hatua sita kamili. Sababu ni kwamba kila hatua hutengeneza na kitovu pembetatu ya pande sawa, yenye nyuzi 60 katikati, na 60 × 6 ni 360.

Mwezi mwandamo wa Idi hutokana na maduara mawili. Chora la kwanza kwa nusu kipenyo cha sm 5. Sogeza ncha ya bikari sm 2 kulia kwa kitovu, chora la pili kwa nusu kipenyo cha sm 4. Kata kilichobaki kushoto, kati ya duara na duara: una hilali yenye unene wa sm 3 mahali pake panene. Itundike kwa uzi, ining'inie pamoja na nyota.

Kadi ya mwaliko nayo ni kazi ya mikono na ni utungo ulioufundishwa darasani. Kunja kadibodi mara mbili, pamba ukurasa wa mbele kwa nyota uliyoikata, na ndani uandike jina la anayealika, jina la anayealikwa, aina ya sherehe, mahali, tarehe, saa, na mahali pa kupeleka majibu. Kadi nzuri yenye maua pande zote nne lakini isiyo na saa ni karatasi tu. Nimewahi kupokea moja. Nilifika watu wakiosha masufuria.

Ukitaka kuuza

Tuchukue mfano, bei ni za mfano tu, wewe weka za sokoni kwenu. Sukari kilo moja sh. 3,000, nazi tatu sh. 3,000, iliki sh. 500, mkaa sh. 1,000, mifuko sh. 500. Jumla sh. 8,000. Ukipata vipande 80, kila kipande kimekugharimu sh. 100. Ukiuza sh. 200 kwa kipande, mauzo ni sh. 16,000 na faida sh. 8,000.

Hiyo ni faida ya kwenye daftari. Vipande 8 vitavunjika. Wadogo zako, shangazi na rafiki wa kaka watakula 12. Utauza 60, upate sh. 12,000, na faida yako sasa ni sh. 4,000, nusu ya uliyoitarajia. Sisemi umnyime shangazi. Nasema vipande vyake uvihesabu tangu mwanzo, na mkaa uuandike hata kama ulichukua wa nyumbani, la sivyo utadhani unapata kumbe mama ndiye anayekulipia.

Turudi kwenye karatasi ya mtihani

Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza inafanana na nyingi ninazozisoma:

"Unachukua sukari unaweka jikoni inayeyuka halafu tunaweka nazi unakoroga ikiiva mtu anaepua anakata kashata zinakuwa tayari."

Ya pili:

"Chemsha vikombe viwili vya sukari pamoja na nusu kikombe cha maji. Shira ikiwa nzito kiasi cha tone lake kufanya kidonge laini ndani ya maji baridi, tia vikombe viwili vya nazi iliyokunwa. Koroga mfululizo. Mchanganyiko ukianza kuachia pembeni mwa sufuria, epua na umimine kwenye sinia lililopakwa mafuta."

Aya ya kwanza haina kosa la tahajia hata moja, lakini hakuna anayeweza kupika kwayo. Nafsi zinabadilika: "unachukua", "tunaweka", "mtu anaepua". Vipimo hakuna. Alama za uandishi hakuna ila nukta ya mwisho. Na neno "ikiiva" limebeba mzigo wote wa aya bila kusema kuiva kunaonekanaje. Msahihishaji hayupo jikoni kwako; ana karatasi yako tu.

Aya ya pili imetumia hali ya kuamrisha kwa hatua, "chemsha, tia, koroga", na imeshikilia hapohapo. Ungeweza pia kutumia hali ya mazoea, "sukari huchemshwa, nazi hutiwa", na ingekubalika sawasawa. Kinachokatazwa ni kuchanganya. Mimi huwashauri wanafunzi wangu watumie kuamrisha kwenye hatua, na wakati wa hu- kwenye maelezo ya sababu: "Tia maji ya ndimu. Asidi huizuia sukari kurudi kuwa punje." Msomaji ataona mara moja lipi ni la kutenda na lipi ni la kuelewa.

Kuhusu "kisha", "halafu", "baada ya hapo": vitumie, lakini si mwanzoni mwa kila sentensi. Viambishi vya -ki- na -po- hufanya kazi hiyo kwa ufupi zaidi: "ukishaepua", "unapokoroga", "ikipoa". Utangulizi wako useme kitu ni nini na hutumika lini. Mistari minne inatosha. Vifaa na mahitaji vitaje kabla ya hatua ya kwanza, vyote, ili sinia lililopakwa mafuta lisijitokeze mwishoni kama mgeni asiyealikwa. Onyo la usalama liweke kabla ya hatua yenye hatari. Kumwambia mtu "tahadhari, sufuria ni ya moto" baada ya kumwambia aishike ni kumdhulumu.

Hitimisho nalo watu hulihangaikia bure. Eleza namna ya kuhifadhi au kuandaa kitu hicho mezani, uishie hapo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa aya moja, kwa hali ya kuamrisha, namna ya kutengeneza nyota yenye pembe sita bila kutumia kipimapembe. Mpe mwenzako aifuate huku wewe umenyamaza.

2. "Pika mpaka iive." Andika upya sentensi hii kwa kaimati, kwa kashata ya nazi na kwa kashata ya karanga, ukitaja dalili ya kila moja.

3. Fafanua kwa nini maji ya ndimu hutiwa kwenye shira ya kaimati lakini hayatiwi kwenye kashata ya nazi.

4. Tunga kadi ya kumwalika mwalimu wako kwenye sherehe ya mahafali ya kidato cha nne.

5. Mwanafunzi ametumia sh. 12,000 kupika vipande 100 vya kashata. Vipande 10 vimevunjika na 15 vimeliwa nyumbani. Auze kila kipande kwa bei gani ili apate faida ya sh. 6,000?